Anti wa Ngozi Anajibu: Mashine ya mwanga imenichora mguu

Haya wapendwa, toleo hili barua karibu zote zinahusu kitu kimoja, ile mashine ya kushika mkononi inayopiga mwanga kuondoa nywele, wengine mnaiita leza ya nyumbani ingawa nyingi siyo leza, ni IPL, mwanga mkali wa rangi nyingi kwa pamoja. Nimechagua barua ambazo jibu lake litamfaa na mwingine. Zile za "nipe jina la mashine nzuri" nimeziweka pembeni, hapa hatuuzi.

Shikamoo Anti,

Mi ni msichana wa miaka 24, ngozi yangu nyeusi, sio maji ya kunde. Nilinunua hyo mashine ya mwanga maana wembe umenichosha, kila nikinyoa miguu vipele. Sasa nilivyoiweka mguuni ikawa inagoma, taa ndogo inawaka rangi ya chungwa haipigi, nikajua mbovu. Nikaona mtu mtandaoni anasema ukiziba kile kijicho cha pembeni na kakaratasi keupe itapiga tu, nikafanya hivo na kweli ikapiga. Iliuma kama unachapwa na mpira wa kufungia noti ila nikasema urembo ni kazi, nikamaliza mguu wote. Usiku mguu ukawaka moto, asubuhi nimechorwa mistatili, yaani kila nilipobandika kale kadirisha kanakotoa mwanga pamebaki alama yake, kona nne kabisa, na miwili ikatoa malengelenge. Malengelenge yameshakauka ila alama sasa ni nyeusi tii kuliko ngozi yenyewe, nimeacha kuvaa gauni fupi. Je zitatoka? Na mguu wa pili niufanye taratibu au niache?

*Mwenye Mistatili*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na mguu wa pili maana hilo ndo la haraka: usiuguse. Na hiyo mashine usimpe mdogo wako wala rafiki mwenye rangi kama yako ati labda yeye itamkubali.

Haikuwa mbovu. Kile kijicho ulichokiziba ni kihisi cha rangi ya ngozi, kazi yake ni kuangalia kama ngozi ina weusi mwingi kupita kiasi, ikiona hivyo inakataa kupiga, na ile taa ya chungwa ndo ilikua inakwambia hapana. Shida ya hizi mashine ni kwamba hazijui nywele, zinachojua ni weusi. Mwanga ukipigwa unanywewa na melanini, ile rangi iliyomo ndani ya unywele, unageuka joto, joto linashuka na unywele mpaka kwenye shina na kulichoma, ndo maana unywele unachelewa kurudi au unarudi mwembamba. Wazo hilo waliliandika kisayansi madaktari wawili wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish, mwaka 1983, na ni wazo zuri tu ukiwa na ngozi nyeupe na nywele nyeusi. Sasa mtu mweusi melanini hiyohiyo anayo kwenye ngozi, tena nyingi, tena juujuu, kwa hiyo mwanga unakamatwa mlangoni kabla haujaufikia unywele. Ngozi inaungua na unywele unabaki umekaa palepale, hasara juu ya hasara.

Madaktari wa ngozi wana kipimo cha rangi kinaitwa Fitzpatrick, namba 1 ni yule mweupe anayebabuka juani saa hiyohiyo, namba 6 ni mweusi kabisa. (Kilipoanza mwaka 1975 kilihusu ngozi nyeupe tu, nyeusi ziliongezwa baadaye, haya.) Mashine nyingi za nyumbani zinaishia namba 4, chache zinasema mpaka 5, namba 6 karibu zote zinamkataa. Kwenye boksi huwa kuna kachati ka rangi, watu wanakaangalia haraka haraka wanajipunguzia namba moja kwa matumaini. Usijipunguzie. Na pima kila sehemu peke yake, manake mtu anaweza kuwa wa maji ya kunde mkononi na kwapa lake likawa jeusi namba mbili zaidi, au mguu uliopigwa jua ukawa tofauti kabisa na paja lililofunikwa.

Kuhusu maumivu, kuna ya kawaida na yasiyo ya kawaida. Joto kidogo, kachomo ka sekunde, ngozi kuwa na wekundu na vivimbe vidogo kuzunguka kila tundu la unywele, hivyo huwa vinaisha ndani ya masaa machache, vikizidi sana siku moja au mbili. Ila tuelewane hapo kwenye wekundu, kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani mwekundu, unaona tu ngozi imekolea au imekua kama zambarau, ukigusa ina moto. Wengi wanapitwa hapo, wanasoma kwenye kitabu cha mashine "ukiona wekundu acha", wanajiangalia hawaoni wekundu, wanaendelea. Kama inauma mpaka unakaza meno, imezidi. Na kwa wale wanaojipaka dawa ya ganzi kwanza ndo wapige, acheni, yale maumivu ndo kengele yenu, ukiizima utajuaje kama unaungua?

Alama zako sasa. Weusi unaobaki baada ya ngozi kuungua mara nyingi hutoka, ila hautoki kwa haraka unayotaka wewe. Ni miezi, wengine unavuka mwaka, na ukipigwa jua bila kinga unakolea upya. Kwa hiyo cha kwanza kabisa ni losheni ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu, kila asubuhi mguu ukiwa wazi, au ufunike kwa nguo, usiseme mi mweusi jua halinidhuru. Usisugue na dodoki, usipake limao wala zile krimu za kuchubua zisizo na lebo, nyingine zina zebaki au steroidi na utatoka kwenye shimo uingie handaki. Niasinamaidi au asidi azelaiki ni vitu vya upole unavyoweza kuanza navyo, lakini haidrokwinoni, ile dawa kali ya kufifisha weusi, usijiandikie, hiyo iwe mkononi mwa daktari. Angalia pia kama kuna sehemu imegeuka nyeupe badala ya nyeusi. Hapo nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kwa sababu weupe maana yake rangi yenyewe imeumia, inachukua muda mrefu zaidi na kuna wakati hairudi yote.

Nimalizie kwa ambaye ameungua sasa hivi na anasoma hapa amekunja uso. Maji ya bomba ya kawaida yapite juu ya sehemu hiyo dakika 20, hata kama yamepita masaa mawili tangu uungue bado yanasaidia, baada ya hapo vaselini nyembamba. Barafu usiweke moja kwa moja, dawa ya meno usipake, lengelenge usilipasue. Likiwa usoni au sehemu za siri, au likitoa usaha, au ukapata homa, hospitali.

Anti mpendwa,

Nina miaka 31, nilikua na ndevu tatu nne hivi kidevuni, nikawa nanyonyoa na kibanio. Nikanunua mashine nikaanza kupiga kidevu na mashavu maana nako kulikua na malaika nyepesi zile ambazo mtu hazioni mpaka akusogelee. Nimefuata maelekezo yote, rangi yangu inaruhusiwa, sijaungua hata kidogo. Lakini sasa mbona mashavu yanaota nywele kabisa? Sio malaika tena, ni nyeusi na zinaonekana kwenye picha. Dada yangu anasema ni mawazo yangu. Nijitetee vipi?

*Ndevu Zisizoalikwa*

Mdogo wangu, mwambie dada yako sio mawazo. Hili lipo, madaktari wanalijua, na ni moja ya madhara ambayo wauzaji hawalitaji kabisa: nywele kuongezeka pale ulipopiga mwanga au pembeni yake. Kinachodhaniwa ni kwamba joto likiwa dogo mno kuua shina linafanya kinyume, linaliamsha, na malaika iliyokua imelala inaamka na kuwa unywele mnene mweusi. Linatokea zaidi usoni na shingoni, zaidi kwa wanawake wenye ngozi ya kahawia, na zaidi kwa wenye homoni zisizokaa sawa. Unaona ulivyojipanga mwenyewe kwenye foleni?

Kosa lako halikua kwenye kidevu, lilikua kwenye kutembeza mashine mpaka mashavuni. Malaika laini usizipige mwanga. Hazina weusi wa kutosha kunywa mwanga, kwa hiyo hazifi, zinachokozwa tu. Kwa sasa simamisha mashine usoni kote. Ukitaka kuziondoa nyoa au tumia uzi, na usiogope ule usemi kwamba kunyoa kunaongeza nywele, wembe unakata juu haufiki kwenye shina. Wengine hilo la kuongezeka linatulia baada ya kuacha, wengine inabidi wapigwe leza ya hospitali yenye nguvu sahihi ili zile zilizoamka zife. Kuna pia elektrolisisi, kisindano chembamba kinaingia tundu moja moja na umeme kidogo, inachosha kwa muda inaochukua ila haijali rangi ya ngozi wala ya unywele, na kwa ndevu tatu nne za kidevuni ndiyo ningekushauri tangu mwanzo.

Halafu kuna swali ambalo hujaniuliza. Hedhi yako inakuja kwa mpangilio? Una chunusi za taya, umeongezeka uzito, nywele za kichwani zinapungua mbele? Ndevu za kidevu kwa mwanamke mara nyingi hazina neno, ni za ukoo tu, lakini zikija na hayo mengine zinaweza kuwa ishara ya PCOS, ule ugonjwa wa homoni na vifuko kwenye ovari, na kama ndivyo utachoma nywele mwaka mzima huku mwili unatengeneza nyingine. Kapime homoni kwanza. Huo ndo utetezi wako kwa dada.

Anti habari,

Natumia doksisaiklini ya chunusi niliyopewa na daktari na usiku napaka tretinoini. Rafiki zangu wote wana mashine ya mwanga, nami nataka kuanza kwapa na kinena. Pia tunatafuta mtoto, nikipata mimba niendelee au?

*Niko Njia Panda*

Nzuri. Kwa dawa hizo usianze sasa hivi. Doksisaiklini inaifanya ngozi iwe na hasira na mwanga, ndiyo maana waliandika kwenye karatasi yake ujihadhari na jua, na wewe unataka kupiga mwanga mkali kuliko huo kwa makusudi. Ziko nyingine za aina hiyo, baadhi ya dawa za kupunguza maji mwilini kwa wenye presha, baadhi ya antibayotiki, hata mitishamba kama ile ya St John's wort wanayotumia kwa huzuni. Tretinoini kama unapaka uso na unataka kupiga kwapa sio shida kubwa, lakini pale unapopaka usipige, ngozi imekonda. Na kwa mwenye kumeza isotretinoini, vile vidonge vya chunusi sugu, vitabu vingi vya mashine vinataka usubiri miezi 6 baada ya kumaliza. Usiache dawa ya daktari kwa ajili ya kwapa, maliza dozi kwanza, kwapa lipo tu halikimbii.

Kingine, doksisaiklini na tretinoini zote mbili haziendani na mimba, na isotretinoini ndo hatari kabisa, inaharibu mtoto tumboni. Unatafuta mtoto na uko kwenye dawa hizo, hilo mwambie daktari wiki hii, ni kubwa kuliko nywele. Mashine yenyewe ukiwa mjamzito acha, haijajaribiwa kwa wajawazito, na mimba yenyewe inakoleza rangi ya ngozi na kuotesha nywele ambazo nyingi zinaondoka zenyewe baada ya kujifungua, sasa unachoma nini?

Siku ukianza, kinena ni ile sehemu ya juu na pembeni tu. Midomo ya ndani, kuzunguka njia ya haja kubwa, chuchu na weusi wake, huko mashine haiendi, rangi imekolea na ngozi ni nyembamba. Nyoa kwa wembe kabla ya kupiga, usitumie waksi wala kunyonyoa, manake ukiung'oa unywele na mzizi mwanga hauna cha kuufuata kwenda chini. Ukiacha kunyoa nako zinaungulia juu, utasikia harufu ya nywele zinateketea, zile zilizoungua zinaganda kwenye kioo cha kadirisha kama vidoa vyeusi, na pigo linalofuata vile vidoa ndo vinakuchoma. Futa kioo kila baada ya mapigo kadhaa, na kikipata ufa itupe. Deodoranti na pafyumu oga zitoke kwanza. Jaribu sehemu ndogo, subiri siku moja au mbili, ndo uendelee. Kama mtu ana historia ya vidonda vya malengelenge vya hapisi mdomoni au sehemu za siri ajue joto hili linaweza kuviamsha, aongee na daktari kabla.

Anti,

Mi mwanaume, nisamehe kuingia kwenye uwanja wa akinamama. Ndevu zangu zinajikunja zinaingia ndani shingo nzima vipele na makovu. Mashine ya mke wangu nijaribu? Nina tatuu shingoni pia, na ndevu chache zimeshaanza mvi.

*Baba Vipele*

Karibu baba, uwanja ni wa wenye ngozi. Jibu ni hapana, mara tatu. Mashine nyingi za nyumbani haziruhusu uso wa mwanaume, ndevu ni nene na zimebanana, joto linakua kali na ukipiga kidogo utaanza kuota mabaka, huku kuna nywele huku hakuna. Tatuu ni wino, mashine inaona weusi tu, itauchoma na kukuachia kidonda, usipige juu yake wala karibu yake. Mvi hazina melanini, mwanga unapita hausalimii, vivyo hivyo nywele nyekundu na za rangi ya dhahabu.

Ila leza yenyewe kwa tatizo lako ni dawa nzuri, tena kwa ngozi nyeusi ipo ya hospitali inaitwa Nd:YAG, mwanga wake una wimbi refu la nanomita 1064, melanini ya juu ya ngozi haiukamati sana ndo maana unashuka mpaka kwenye shina bila kuchoma njiani. Hiyo ipigwe na anayejua na awe amewahi kupiga ngozi kama yako, muulize hivyo bila aibu. Kabla ya hapo acha kunyoa mpaka ngozini, tumia mashine ya kawaida ya kunyolea ibakize ndevu kidogo, vipele vingi vitatulia.

Shikamoo,

Binti yangu ana miaka 14 anataka mashine hiyo kwa ajili ya sharubu na kuunganisha nyusi, anasema shuleni wanamcheka. Mimi naogopa kansa na naogopa macho. Ana kidoti cheusi juu ya mdomo alizaliwa nacho. Nimkatalie?

*Mama Mwenye Hofu*

Marahaba mama. Mkatalie mashine, usimkatalie msaada. Nyingi zimetengenezwa kwa miaka 18 na kuendelea, na kwa umri wake homoni bado zinapanda na kushuka, anaweza kumaliza mwaka anapiga na nywele mpya zinakuja tu. Na akiwa mkubwa pia asije akadhani zinaisha milele, hata ile mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inawaruhusu watengenezaji waseme zinapunguza nywele kwa muda mrefu, sio kwamba zinazimaliza. Ukiacha kurudia zinarudi.

Kansa, tulia. Mwanga unaoleta kansa ya ngozi ni ule wa jua wa UV, na hizi mashine zina chujio linalouzuia, kinachotoka ni mwanga wa kawaida unaoonekana na ule wa joto. Hofu yangu ni kwenye kidoti. Kidoti ni cheusi, kitanywa mwanga na kuungua, na kikishaungua kinabadilika sura, halafu siku kikibadilika kwa ubaya wa kweli daktari atakitambuaje? Vidoti vyote vinarukwa, vinaachiwa nafasi. Na kama kidoti kinakua, kina kingo zisizo sawa au kinatoa damu, hicho kionyeshwe daktari hata kama hakuna mashine yoyote nyumbani.

Macho unaogopa kwa haki. Lile duara linalozunguka mboni lina rangi, na rangi ndo chakula cha huu mwanga, watu wameumia ndani ya jicho kwa kupiga nyusi, na kufumba macho hakutoshi manake kope ni ngozi nyembamba mwanga unapita. Nyusi hazipigwi nyumbani kwa umri wowote. Kwa binti, zile za katikati ya nyusi zitolewe kwa uzi au kibanio, sharubu kwa uzi au kiwembe kidogo cha uso, mfanyie wewe mara ya kwanza mbele ya kioo aone jinsi ngozi inavyovutwa. Na wanaomcheka shuleni, mwalimu wake wa darasa ajue.